Ua la uani kwetu: chai yake hatari, sindano yake inaokoa watoto

Na Mwandishi Wetu

Kabla hatujaanza nina ombi dogo. Hebu chungulia uani kwenu, au nje ya geti, au pale kituoni unapopandia daladala. Ukiona kijimti cha kufika magotini, majani yanang'aa kama yamepakwa mafuta, ua lina petali tano, rangi yake pinki inayokimbilia zambarau au nyeupe pe, na katikati lina kijicho chekundu, basi umeshaliona. Hilo ndilo la leo.

Wauza maua wa kando ya barabara wanaliita vinka. Wahindi wanaliita sadabahar, maana yake ua la kuchanua siku zote, na kweli halijui masika wala kiangazi. Kwao lilikozaliwa, kisiwani Madagaska, ni vonenina. Wataalamu wa mimea wanaliandika Catharanthus roseus. Zamani walikuwa wanaliandika Vinca rosea, ndiyo maana mitaani vinka limeganda mpaka leo.

Ni ua lisilo na makuu. Halidai mbolea, halidai mtunza bustani. Linaota mchangani, kwenye nyufa za saruji, kwenye kopo la rangi lililotobolewa chini, na makaburini usiseme. Mbuzi wa mtaani kwetu, ambao wanakula mpaka maboksi, hili wakishalinusa wanapita zao. Chungu! Mimi mwenyewe nimekaa nalo miaka sita kwenye nyumba ya kupanga Magomeni, nalipita asubuhi naenda kazini, nalipita usiku narudi, wala haikunijia kwamba siku moja ningeliandikia ukurasa mzima. Mpaka mama mwenye nyumba alipoanza kulichemsha.

SUFURIA LA ALFAJIRI

Mama mwenye nyumba wetu ana kisukari, mwaka wa tisa huu. Anameza vidonge asubuhi na jioni, anahudhuria kliniki, anagombana na wanawe kuhusu soda. Mambo ya kawaida kwa mgonjwa wa sukari. Sasa mwaka jana, alfajiri moja natoka kuoga, nikamkuta kainamia jiko la mkaa, sufuria inachemka, uani pote kunanuka majani mabichi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hilo sufuria usiliguse, ni dawa yangu."

"Dawa ya nini tena mama?"

"Ya sukari. Si haya maua hapa? Nimetumiwa sauti kwenye simu na wifi yangu. Mtu kanywa wiki tatu, sukari imekwisha kabisa."

Akanitajia na kipimo, majani mangapi kwa maji kiasi gani. Hapa sikiandiki, na huko mbele utaelewa kwa nini. Akamimina kwenye kikombe, akafumba macho, akanywa yote kwa mkupuo mmoja. Uso ulivyojikunja, mie mwenyewe mate yakanikauka.

"Chungu ndiyo dawa," akasema, akajifuta mdomo kwa kanga.

Hapo alinimaliza, kwa sababu hata mimi nimelelewa hivyo hivyo. Shubiri, mwarobaini, kwinini ya zamani. Sisi dawa tamu tunaionea mashaka. Tena siku ile, nikiri tu, nilimwona mjanja. Ua la bure, liko uani, halina foleni wala kadi. Nani hapendi?

HAKULITUNGA YEYE

Tuwe wakweli, mama hakuota usingizini. Watu wamelitumia ua hili kwa magonjwa karne na karne. Madagaska mizizi yake ilitumika kutoa minyoo na kusafisha tumbo. India majimaji ya jani yanapakwa mahali nyigu alipouma. Kwenye visiwa vya Karibi maua yaliloekwa, maji yake yakatumika kusafisha macho ya watoto wachanga. (Usijaribu. Jicho la mtoto si mahali pa majaribio.)

Ila matumizi yanayorudi kila nchi ni hayo ya mama yetu. Jamaica wamechemsha majani kwa ajili ya kisukari. Ufilipino vilevile, Afrika Kusini vilevile, India vilevile. Watu wasiojuana, wametenganishwa na bahari, wanakunywa chai ileile kwa ugonjwa uleule.

Limefikaje kote huko? Kwa meli, na kwa uzuri wake. Katikati ya karne ya 18 mbegu zake zilikuwa zimeshafika Paris, kutoka huko zikafika bustani ya dawa ya Chelsea, London. Wazungu walilipenda kama pambo, wakalisambaza kwenye makoloni yao ya nchi za joto, likatoroka bustanini na kuanza kuota ovyo. Leo mtu wa Jamaica atakuapia ni ua la kwao tangu Adamu. Kumbe jirani zetu wa Madagaska ndio wenyewe. Jamii hiyo ya Catharanthus ina aina nane duniani, saba zote ziko Madagaska tu, na moja India na Sri Lanka.

BAHASHA KUTOKA JAMAICA

Sasa kaa vizuri, hapa ndipo kisa chenyewe kilipo.

Mwaka 1952 daktari mmoja wa Kanada, Clark Noble, alipokea bahasha kutoka Jamaica. Ndani kulikuwa na majani 25 ya vinka. Aliyeyatuma ni Dk. C. D. Johnston, tabibu wa huko, akieleza kwamba wagonjwa wa sukari Jamaica wanakunywa chai ya majani haya pale insulini inapokosekana. Mwenzetu, angalia kama yana kitu.

Huyu Clark Noble naye ana yake. Mwaka 1921 alikuwa mwanafunzi Toronto, na mtafiti Frederick Banting alikuwa anahitaji msaidizi. Wanafunzi walikuwa wawili, Noble na Charles Best. Wakarusha sarafu juu. Best akashinda, akaingia maabara, na jina lake likaingia kwenye historia ya kugunduliwa kwa insulini. Noble akabaki hivihivi. Sarafu tu, jamani! Miaka 31 baadaye bahasha ya kisukari inamfuata mlangoni, naye tayari amestaafu. Akampa mdogo wake, Robert Noble, aliyekuwa mtafiti kwenye Chuo Kikuu cha Western Ontario.

Robert akachemsha, akawanywesha panya wa maabara. Akapima sukari. Wapi! Sukari palepale. Mtu mwingine angetupa majani jalalani akaenda kunywa kahawa yake. Yeye akajaribu kuwachoma panya sindano ya maji yale. Sukari bado haikushuka, lakini baada ya siku chache panya wakaanza kufa. Wakiwapasua wanakuta majipu ya usaha kila mahali. Panya wamekufa kwa maambukizi ya kawaida, yale ambayo mwili wenye kinga unayashinda bila hata kukuambia.

Kwa nini? Walipotazama damu, seli nyeupe, zile askari wa mwili, zilikuwa zimepukutika. Uboho wa ndani ya mifupa, unaozitengeneza, umesinyaa.

Hapo ndipo akili ilipofanya kazi. Kama kitu hiki kinaua seli nyeupe, je, yule mgonjwa ambaye shida yake ni seli nyeupe kuzaliana kama nzige? Yaani mwenye saratani ya damu?

Mwaka 1954 akajiunga naye mkemia Charles Beer, kutoka Uingereza, kazi yake ikiwa kukichuja kile kitu chenyewe kutoka kwenye majani. Kilikuwa kidogo mno, mithili ya kutafuta punje moja ya chumvi kwenye gunia la mchele. Mwaka 1958 wakakipata na kukitangaza. Baadaye kikaitwa vinblastini. Wakati huohuo huko Indianapolis, Marekani, kampuni ya Eli Lilly nayo ilikuwa inalifukuzia ua hilohilo kwa sababu ileile ya kisukari. Mkemia wao Gordon Svoboda na wenzake wakakuta panya wenye saratani ya damu wakipewa maji ya vinka wanaishi zaidi. Wakaunganisha nguvu na Wakanada. Kwa upande wao wakakamua dawa ya pili, vinkristini. Ya kwanza ikaidhinishwa Marekani mwaka 1961, ya pili 1963.

Mpaka leo zote mbili zipo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Zimetoka kwenye ua linaloota kwenye kopo la rangi.

INAFANYAJE KAZI?

Kwa lugha ya mtaani: seli ikitaka kugawanyika ziwe mbili, hujenga nyuzi ndogondogo za kuvutia mali zake, nusu huku, nusu kule, kama ndugu wanaogawana urithi. Dawa ya vinka inazuia nyuzi hizo zisijengeke. Seli inakwama katikati ya kugawana, inakufa.

Saratani ni seli zinazogawanyika bila breki, kwa hiyo ndizo zinazoumia zaidi. Lakini dawa haiulizi kitambulisho. Mizizi ya nywele nayo inagawanyika haraka, kwa hiyo nywele zinanyonyoka. Uboho nao unaguswa. Vinkristini inapenda sana mishipa ya fahamu: mgonjwa anapata ganzi vidoleni, miguu inakosa nguvu, choo kinakuwa kigumu. Inachomwa kwenye mshipa wa damu tu. Ikivuja nje ya mshipa inaunguza nyama. Ikiingizwa kwa makosa kwenye uti wa mgongo, inaua. Kwa mtu mzima dozi ya mara moja kwa kawaida haizidi miligramu 2, nayo inahesabiwa kwa ukubwa wa mwili wa mgonjwa.

Miligramu mbili! Na ili kupata gramu moja ya vinblastini, unahitaji kiasi cha kilo 500 za majani makavu. Nusu tani. Piga picha gari la mizigo limejaa majani, unapata kitu kisichojaza hata kijiko cha chai. Vinkristini ni adimu zaidi ya hapo. Ndiyo maana mwaka 2022 watafiti wa timu ya Jay Keasling walipofanikiwa kuifundisha hamira kutengeneza malighafi za vinblastini, ilikuwa habari kubwa.

Kwa hiyo anayekuambia chai ya vinka inatibu saratani kwa sababu "hata wazungu wametoa dawa humo", mwambie akalete gari la majani kwanza. Halafu mwambie dawa hizi zinapewa kwa sindano, si kwa kikombe. Ukinywa, hujui umekunywa nini wala kiasi gani. Jani la kivulini na la juani si sawa, mti mchanga na mzee si sawa. Mama mjamzito ndiyo kabisa, asiliweke mdomoni. Kitu kinachozuia seli kugawanyika, na mtoto tumboni kazi yake ni kugawanya seli usiku na mchana, unategemea nini?

MTOTO WA MULAGO

Usidhani haya ni mambo ya Kanada na Marekani peke yao. Mwaka uleule wa 1958 Beer na Noble walipokuwa wanatangaza kitu chao, daktari mpasuaji wa Mulago, Kampala, aitwaye Denis Burkitt, alichapisha makala kuhusu watoto waliokuwa wanaletwa kwake na uvimbe wa taya. Taya inavimba kwa kasi ya kutisha, meno yanalegea, jicho linasukumwa nje. Mwaka 1961 Burkitt na wenzake wawili walipanda gari wakazunguka maelfu ya maili Afrika Mashariki na Kusini, Tanganyika ikiwemo, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine: mnawaona watoto wa namna hii? Ugonjwa huo leo unaitwa limfoma ya Burkitt, nao unapatikana sana kwenye ukanda wetu huu wa malaria.

Na habari njema ni kwamba uvimbe huo, pamoja na kasi yake yote, unayeyuka ukipewa dawa mapema. Moja ya dawa zinazotumika, ikisaidiana na nyingine, ni vinkristini. Yaani mtoto wa Kigoma au wa Kisumu aliyevimba taya anatibiwa kwa kitu kilichotoka kwenye ua ambalo mama yake pengine amelipanda mlangoni.

Saratani ya damu ya watoto ni vilevile. Miaka ya 1950 ilikuwa hukumu ya kifo. Leo, kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, kwenye nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani wanapona. Kwenye nchi zenye kipato cha chini na cha kati, nyingi hawafiki asilimia 30. Sababu wanazozitaja ni zilezile tunazozijua: kuchelewa kugundulika, dawa kukosekana, familia kuacha matibabu njiani. Na mimi naongeza la kwangu, nililoliona kwenye ukoo wetu wenyewe: mtoto anazungushwa kwa waganga miezi miwili, huyu anachanja, yule anapaka, na siku anapofika hospitali taya imeshakuwa embe. Unamkimbiza mtoto kutoka kwenye ua, unampeleka kwa mwenye majani!

NANI ALILIPWA?

Wapenda haki mmeshaanza kuuliza. Madagaska walipata nini? Kwenye dawa zenyewe, hakuna cha maana. Mwaka 1958 hapakuwa na mkataba wa dunia wa kumdai mtu kwa kuchukua mmea wako na kuufanya mali. Mkataba wa Bioanuwai ulitiwa saini Rio mwaka 1992, na Itifaki ya Nagoya, inayosema wazi kwamba mwenye mmea na mwenye maarifa wagawiwe faida, ni ya 2010, ikaanza kufanya kazi 2014. Treni ilikuwa imeondoka zamani. Wananchi wa kusini mwa Madagaska waliambulia kazi ya kuvuna na kuuza majani makavu kwa viwanda vya nje.

Ila kesi hii ina utata wake, na mimi nauona. Majani yale 25 hayakutoka Madagaska, yalitoka Jamaica. Ua lilikuwa limeshaishi huko zaidi ya kizazi cha babu wa babu. Nani basi mwenye dai? Kisiwa kilichozaa ua, au bibi asiyejulikana jina wa Jamaica aliyelichemsha mpaka daktari akasikia? Na bibi huyo alisema ni dawa ya sukari, wala hakutaja saratani. Kwa maoni yangu anadai bado. Bila sufuria lake hakuna aliyekuwa na sababu ya kumchoma panya sindano ya ua la bustanini.

Hapa kwetu tuna taasisi ya utafiti wa tiba asili pale Muhimbili, ambayo mwanzo wake ni kitengo kilichoanzishwa mwaka 1974, na tuna sheria ya tiba asili na tiba mbadala ya mwaka 2002, yenye baraza lake. Kwa hiyo tiba ya asili si uhuni, serikali inaitambua. Mtu akiwa na dawa yake ya kweli, mlango upo. Lakini ujumbe wa sauti kwenye simu, uliosambazwa na wifi wa mtu, si baraza.

Na tumeshaonywa. Mnakumbuka 2011? Samunge, Loliondo, foleni ya magari ya kilomita na kilomita, kikombe shilingi 500. Kuna waliorudi wakatupa dawa zao za sukari na za virusi, wakisema wamepona. Mti uliochemshwa kule, mugariga, wataalamu wanauweka kwenye ukoo mmoja na vinka. Nilipolijua hilo nilicheka peke yangu ndani ya daladala, watu wakanitazama.

KIDOLE CHA MAMA

Turudi Magomeni. Mama alikunywa wiki ya kwanza akachangamka. Wiki ya pili akaniambia vidonge ameviacha, "kwa nini nijaze tumbo makemikali na dawa ninayo?" Nikanyamaza. Hilo linaniuma mpaka leo. Nilinyamaza kwa sababu yeye ni mkubwa, na mimi ni mpangaji, na kodi ya mwezi ule ilikuwa imechelewa.

Wiki ya sita mjukuu wake wa darasa la tatu akamwambia, "Bibi, kandambili yako ina damu." Mama akatazama chini, akashangaa. Kidole kidogo cha mguu wa kushoto kilikuwa na kidonda, kimechimba, kimeanza kutoa usaha. Hakusikia maumivu hata kidogo! Kisukari kikikaa mwilini kinaua hisia za miguu, unaweza kukanyaga msumari ukaendelea na safari.

Tukampeleka kituo cha afya na bajaji. Muuguzi akamtoboa kidole, kipimo kikasoma 22. Mgonjwa wa sukari kabla ya kula anatakiwa awe kwenye 4 mpaka 7.

"Mama, dawa unameza?"

Kimya.

"Mama?"

"Nameza za miti," akajibu, macho yako ukutani.

Nilitegemea atafokewa. Muuguzi yule, Mungu ambariki, hakufoka. Akavuta kiti, akauliza miti gani, kiasi gani, tangu lini, akaandika yote kwenye kadi. Akamwambia wapimaji waangalie na damu kubwa, kwa sababu majani hayo yana kitu cha kupunguza kinga, na mtu mwenye kidonda cha sukari hahitaji kupunguziwa kinga. Wengine wanaokunywa wanafanya kosa la upande mwingine, wanachanganya chai na vidonge pamoja. Kuna majaribio ya baadaye ya panya yaliyoonyesha majani haya yanashusha sukari kiasi. Mara moja yanashusha, mara nyingine hayashushi, na wewe hujui leo ni ipi. Sukari ikianguka ghafla usiku umelala, hiyo ni habari nyingine.

Kisha muuguzi akamwambia jambo ambalo mie sikulijua, nikaenda kulisoma mwenyewe nikakuta ni kweli. Vile vidonge vya metifomini alivyovitupa mama kwa kuwa ni "makemikali", chanzo chake ni mmea wa maua. Unaitwa Galega officinalis, majani-majani ya Ulaya yenye maua ya zambarau, ambayo wazee wa huko waliyatumia zamani kwa watu wenye dalili za kukojoa sana. Wakemia wakasoma kilichomo, wakatengeneza ndugu yake asiye na sumu kali, na mwaka 1957 daktari Mfaransa Jean Sterne akachapisha matokeo ya kuwapa wagonjwa wa sukari. Mama alikuwa ameacha ua lililopimwa, akashika ambalo halijapimwa.

Kidole hakikukatwa. Kilisafishwa miezi miwili na nusu, siku moja anafungwa bandeji, siku moja anapumzika, na damu nyeupe zilikutwa ziko sawa. Bahati yake. Wifi bado anatuma sauti, safari hii ni maganda ya kitu fulani. Mama anazisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, halafu anazifuta.

Maua yapo palepale. Juzi nilimkuta anayamwagilia kwa kopo, nikamtania: "Mama, hujayang'oa tu?"

"Niyang'oe yamenikosea nini?" akasema. "Mazuri haya. We kodi yangu iko wapi?"